Chipu Niliyoifunga Kwenye Pikapu ya Mama Shufaa

Wengi wenu mmenikuta nimeshaweka vifaa chini. Mnanisalimia nikienda sokoni, "Shikamoo mzee," na kabla sijamaliza kuitikia mnauliza lile swali lenu: hizi chipu za kuongeza nguvu kwenye pikapu za dizeli, zifungwe au zisifungwe? Jibu fupi ni kwamba zifungwe, kama anayefunga anajua anachofanya, na kama yuko tayari kusema pale asipojua. Jibu refu nimewahi kulitoa mara moja tu, asubuhi, mbele ya madereva. Leo nawaandikia ninyi mnaoanza kazi.

Mimi ni Elia, Baba Neema, fundi umeme wa magari. Nilikuja Babati kijana kutoka Singida, nikajifunza kwa marehemu Mzee Salehe. Karakana yake ilikuwa nguzo nne na mabati machache, kando ya barabara ya kwenda Bonga. Mzee Salehe alikuwa na testa moja tu, balbu ndogo yenye waya mbili, na kwa balbu hiyo alitibu malori ya Arusha na ya Dodoma. Alinifundisha kupima kabla ya kukata. "Ukikata waya kabla hujapima," alikuwa akisema, "umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili ni wako."

Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya waya za breki na za honi kwenye lori la mahindi. Dereva akaondoka akiwa na furaha. Alipofika sokoni, kila akikanyaga breki honi inalia. Watu wakaruka pembeni, mama mmoja akatupa beseni zima la nyanya. Nilitaka kukimbia. Mzee Salehe akanishika mkono, akanipeleka hadi pale, watu wamejaa, akaniambia, "Mwambie nani aliyefunga." Nikasema ni mimi. Watu wakacheka, dereva naye akacheka, nikalala chini ya lori juu ya nyanya zilizopondeka nikarekebisha. Aibu ile ilinikaa siku nzima. Kesho yake nilikunywa chai yangu vizuri tu.

Nawasimulia hilo mjue kwamba sikukosa mwalimu. Nililofanya baadaye nililifanya nikiwa nimeshafundishwa.

Magari yakabadilika. Zamani gari likizima unasikiliza, unanusa, unashika waya kuona kama una joto. Zikaja injini za dizeli zenye kompyuta, na vijana wenye mashine za kuisoma hiyo kompyuta. Kijana anachomeka soketi chini ya usukani, anasubiri kidogo, anakutajia ugonjwa. Wateja wangu wakaanza kupungua. Mimi niliyekuwa nikiitwa hata na mafundi wenzangu, nikawa naletewa taa za nyuma na vipangusa kioo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kijana wa umri wa binti yangu, "Nifundishe." Badala yake nikawa nasema kwamba mashine zinawadanganya watu. Nikasema sana.

Basi siku moja akaja Mama Shufaa. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mfanyabiashara wa siku nyingi, mwenye neno moja. Pikapu yake nyeupe ya dizeli ilipeleka saruji, mabati na misumari hadi Bereko na Kondoa. Alishuka akiwa na boksi dogo mkononi, na nyuma yake dereva wake, Paskali wa Nangara, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa ameliendesha gari lile na lililolitangulia kwa miaka kumi na moja.

"Fundi," Mama Shufaa akasema, "gari langu likipandisha Bereko na mzigo linahema kama lina pumu. Ndugu yangu wa Arusha amenipa hii, anasema ni chipu ya kuongeza nguvu. Unaiweza?"

Sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimeisikia tu. Nikasema, "Hiyo? Hiyo ni kazi ya saa moja."

Na kweli, kuifunga si kazi. Ile aina ni kisanduku chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Unazima gari, unatoa terminali ya betri, unatafuta sensa inayopima presha ya dizeli kwenye bomba la kulisha nozeli. Unachomoa soketi ya sensa, unakichomeka kisanduku katikati, kati ya sensa na kompyuta ya injini. Waya unazifunga mbali na mahali pa moto, mbali na feni. Kazi ya kisanduku ni kuiambia kompyuta kwamba presha iko chini kuliko ilivyo, nayo kompyuta inaongeza dizeli. Dizeli ikizidi, nguvu inazidi. Ubavuni kina kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, chenye namba moja hadi tisa. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo dizeli inavyoongezeka.

Ambalo hamtaliona kwa macho ni hili: dizeli ikizidi na hewa ikabaki ileile, moto ndani ya silinda unapanda kupita kiasi. Gari tupu kwenye tambarare halitalalamika. Gari lenye mzigo, kwenye mlima mrefu, gia ya tatu, mguu chini, ndilo linaloungua. Kwa hiyo kabla ya kufunga kisanduku unasafisha chujio la hewa, unaosha ile rejeta ya mbele inayopoza hewa ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, maana za kwetu zimejaa vumbi na wadudu, unakagua mipira ya hewa kama haivuji. Unafunga kipimo cha joto la moshi. Halafu unaanzia namba ndogo kabisa, unatembea na gari likiwa na mzigo, unaangalia. Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusoma majina ya spea. Niliikunja nikaiweka mfukoni, kana kwamba nimeisoma.

Paskali aliniuliza. Alikuwa amesimama kando ya boneti, mikono nyuma. "Fundi, samahani. Hili dude halitaua injini?"

Nikamjibu, "Wewe endesha. Ya umeme niachie mimi."

Nikaweka namba saba. Kwa nini saba? Sina sababu ya kitaalamu ya kuwapa. Tisa niliiogopa, na tatu niliona Mama Shufaa hatasikia tofauti. Tukapanda wote watatu, gari tupu, tukatoka hadi Bonga na kurudi. Lile gari liliruka! Mama Shufaa alishika dashibodi akacheka kama msichana. Aliposhuka akasema kwa sauti, mafundi wenzangu wakisikia, "Wanasema fundi Elia amezeeka. Waje waone." Maneno hayo yalinishibisha wiki nzima.

Wiki mbili baadaye Paskali akaja peke yake. "Shikamoo fundi. Gari likipandisha na mzigo linatoa moshi mweusi sana. Hata magari ya nyuma yananipigia honi."

"Moshi ndiyo nguvu yenyewe hiyo," nikamwambia.

Akarudi tena baada ya siku chache. Safari hii alisema kuna harufu ya chuma kinachoungua, na injini inagonga kidogo ikipoa. Nilikuwa nazungumza na mteja mwingine. Nikamwambia apunguze wasiwasi. Ile ilikuwa mara ya pili, na wote wawili tulijua ni mara ya pili.

Injini ikafa mlimani Bereko, ikiwa na mzigo wa mabati. Ilivutwa hadi mjini, nami nikaitwa. Nilifika kabla ya Mama Shufaa. Paskali alikuwa ameenda kunawa grisi. Nikafungua boneti, nikakiona kisanduku changu pale kilipo, namba saba. Nikatoa bisibisi ndogo mfukoni nikazungusha hadi mbili.

Hilo halikuchukua muda wa kupiga chafya. Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani, na hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Fundi wa injini alipofungua akakuta pistoni ya tatu imetoboka, imeyeyuka kama mshumaa. Akaitoa akaiweka juu ya gunia. Mama Shufaa akaitazama, akanitazama mimi.

"Fundi, ni ile chipu?"

Nikamwonyesha kisanduku. "Mama, angalia, iko namba mbili. Hii haiwezi kuua hata nzi." Halafu nikaongeza, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana sikusema uongo wa moja kwa moja. Nilisema, "Dizeli mbaya hufanya hivi. Muulize dereva wako huwa anajaza wapi."

Ninyi mnajua maana yake. Kila mtu pale alijua. Kuna madereva wanaouza dizeli nzuri ya tajiri na kujazia ya madumu, ile ya pembeni ya barabara iliyochanganywa na sijui nini. Sikumwita Paskali mwizi. Nilifungua tu mlango, wengine wakaingia.

Paskali akageuka taratibu. "Mama, mimi najaza palepale unaponituma, risiti zote ninakupa. Na nilimwambia fundi gari linatoa moshi. Nilimwambia mara mbili." Akaniangalia. "Fundi, si nilikuja?"

Nikasema, "Hukuja."

Hakubishana. Nadhani hakuwa tayari kwa neno hilo. Alibaki akinitazama mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Kisha akatoa funguo mfukoni, akazifuta kwa shati lake, akampa Mama Shufaa. Miaka kumi na moja ikaishia hapo.

Injini ilitengenezwa. Mama Shufaa akaniambia niiondoe chipu, nikaiondoa. Aliniamini zaidi ya zamani, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kama angenifukuza. Alipotafuta dereva mpya aliniomba ushauri: "Wewe unawajua watu, fundi."

Kwa muda mrefu Paskali hakupata usukani. Babati ni mji mdogo, na kijiwe cha madereva kina masikio. Wakampa jina: Dumu. Wakawa wanamwita hivyo usoni, kwa kicheko, na hakuna tajiri anayempa gari mtu anayeitwa Dumu. Akalima mbaazi na mahindi kwao Nangara, akabeba matofali, wakati mwingine akaendesha bodaboda ya mtu.

Tulikuwa tunasali kanisa moja. Padri akisema tupeane amani, Paskali alikuwa anatoka kwenye benchi lake, anakuja, ananipa mkono. "Amani iwe kwako." Kila Jumapili. Hakunibana mkono, hakuninong'oneza kitu. Nikahamia Misa ya kwanza. Mke wangu, Mama Neema, akaniuliza, "Tangu lini wewe umekuwa mtu wa kuamka mapema?" Nikamwambia nataka siku iwe ndefu.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Siku hiyo nilikuwa shule moja ya msingi huko Nangara, nimeitwa kutazama gari la mwalimu lililokataa kuwaka. Fyuzi tu. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka. Nikasikia wanaimba, "Dumu! Dumu!" Nikainua kichwa. Walikuwa wanamwimbia msichana wa miaka kama kumi hivi. Hakulia, hakuwatupia neno. Alitembea hadi ukutani akakaa, akavuta sketi ikafunika magoti, akafungua daftari. Ilionekana kwamba ndiyo desturi yake.

Nikamuuliza mtoto mmoja, "Kwa nini mnamwita hivyo?"

"Baba yake aliiba dizeli," akanijibu, vile vile tu kama anayekutajia jina la mto.

Nilifunga boneti ya mwalimu. Sikukumbuka hata kuchukua begi langu la vifaa, lililetwa kesho yake. Nilipanda bajaji hadi dukani kwa Mama Shufaa. Alikuwa anamhesabia mteja mabati. Nikasubiri. Mteja alipotoka nikamwambia yote: karatasi ambayo sikuisoma, namba saba, moshi, mara mbili alizokuja Paskali, bisibisi. Sikukaa kwenye kiti aliponikaribisha, nilisema nimesimama.

Alikunja daftari lake, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyezipokea zile funguo." Akamwita msichana wake wa dukani akae mezani, akachukua mtandio. "Twende."

Tulimkuta Paskali na mkewe shambani, wanavuna mbaazi. Alituona kwa mbali akaacha kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Alikuja hadi tulipo, akapangusa mikono, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo fundi. Shikamoo mama."

Mama Shufaa aliitikia. Mimi neno marahaba lilinikwama. Wanangu, neno ambalo nimeitikia maelfu ya mara, siku hiyo halikutoka, maana nilijua sistahili salamu hiyo. Nikaanza moja kwa moja kusema. Nilipofika kwenye ile bisibisi, mkewe akaketi chini katikati ya mbaazi akajifunika uso kwa kanga. Paskali alibaki amesimama.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa nini leo?"

Nikamwambia nimemwona binti yake shuleni. Akatazama pembeni, kuelekea ziwani.

Mama Shufaa akasema, "Paskali, nimekukosea. Gari lipo. Rudi kazini kesho."

"Nimekusikia, mama. Nakushukuru kwa kuja mwenyewe." Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshaamua. "Ila funguo zako siwezi kuzishika tena. Siku likiharibika lingine utaniangalia kwa yale macho, nami nitayaona."

Mama Shufaa akajifuta uso kwa mtandio. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Paskali akanigeukia. "Wewe, fundi, sitaki uniombe msamaha hapa shambani. Hapa hakuna aliyeniita Dumu. Nenda kijiweni, asubuhi, wakiwa wote."

Nikaenda. Mke wangu nilikuwa nimeshamweleza usiku ule, naye akavaa nguo ya kutokea akanisindikiza, akasimama ng'ambo ya barabara. Madereva walikuwa wanakunywa chai, wanasubiri mizigo. Paskali alikuwepo, amekaa pembeni juu ya tairi bovu. Nikasema kwa sauti. Wapo walioanza kucheka wakidhani ni mzaha, kisha wakaacha. Nilipomaliza, dereva mmoja mzee akaniuliza, "Kwa hiyo alikuja kwako mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na pale ukasema hakuja."

"Nilisema hakuja."

Akatikisa kichwa. Akamimina kikombe cha chai, akakivuka kile kikundi chote, akampelekea Paskali kwa mikono miwili. "Kunywa chai, Paskali," akasema. Wengine wakatazama chini. Hakuna aliyenikaribisha chai mimi, na ndivyo ilivyostahili.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Wateja wengi waliniacha. Mama Shufaa ananisalimia mpaka leo, anauliza habari za Neema, lakini gari lake hajawahi kuniletea tena. Nilimfuata yule kijana mwenye mashine, nikamwambia, "Nifundishe." Alinifundisha kwa heshima, hata ile karatasi ya Kiingereza alinisomea mstari kwa mstari, nikaona kila kosa langu lilivyokuwa limeandikwa humo tangu mwanzo. Nilifunga chipu nne tu baada ya ile. Zote namba ya chini, zote na kipimo cha joto, na mara moja nilimkatalia mteja kwa sababu gari lake lilikuwa limechoka. Alinitukana, akaenda kwa mwingine. Sawa.

Paskali alipata kazi kwa mnunuzi mmoja wa mbaazi, pikapu ya dizeli kama ile ya kwanza. Mwaka wangu wa mwisho karakanani, asubuhi moja, nikaona gari linaingia na yeye yuko kwenye usukani. Akashuka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Paskali."

"Taa ya injini inawaka na kuzima. Tajiri amesema nilipeleke kwa fundi yeyote."

Sikumuuliza kwa nini amekuja kwangu. Nikafungua boneti. Hakwenda kukaa kivulini kama madereva wengine, wala hakuweka mikono nyuma. Alisimama begani kwangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na kila nilipogusa kitu akauliza. Huu waya unakwenda wapi? Soketi hii ya nini? Kwa nini unaichomoa? Hiyo uliyoweka ni mpya au ya zamani, nionyeshe. Kazi ya nusu saa ikachukua asubuhi nzima. Mara mbili alinisimamisha nirudie maelezo, na mara moja nilimwambia, "Hapo sijui, ngoja tupime."

Nikajibu kila swali.